Kunasa Matangazo ya AM kwa Redio ya Ubavu Mmoja

Utangulizi

Si nadra kusikia ikidaiwa, hata katika kumbi za mihadhara, kwamba Kiswahili hutamba katika ushairi na siasa lakini huishiwa na pumzi kikifika kwenye nyaya na mitambo. Madai haya hayajibiwi kwa hamaki. Hujibiwa kwa kulieleza jambo moja la kiufundi tangu mwanzo hadi mwisho, kisha msomaji apime mwenyewe iwapo ameelewa. Makala haya yananuia kueleza namna ya kusikiliza stesheni ya kawaida ya AM kwa kutumia redio ya mawasiliano ya SSB, redio ambayo kwa asili haikuundiwa kazi hiyo. Aidha, yatadhihirisha kwamba suala hili linamgusa moja kwa moja mwanafunzi wa fonetiki.

Istilahi zitakazotumika

Wapo watu wanaowasiliana kwa redio si kwa ujira bali kwa mapenzi yao. Hawa tutawaita wanaredio wa ridhaa, kama vile tusemavyo ndondi za ridhaa. Nchini Kenya hupewa leseni na Mamlaka ya Mawasiliano, na alama za vituo vyao huanza kwa 5Z4.

Stesheni ya AM hurusha mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni wimbi lisilobeba ujumbe wowote, ambalo hukaa palepale kwenye masafa ya stesheni. Tutaliita wimbi-chukuzi, kwa kuwa kazi yake ni ile ya mchukuzi: hubeba mzigo usio wake. La pili ni sauti yenyewe, ambayo hujipanga pande zote mbili za wimbi-chukuzi, juu na chini yake. Pande hizo tutaziita mbavu. Ubavu wa juu na ubavu wa chini hubeba ujumbe uleule, kama mtu na taswira yake kiooni.

Chimbuko la ubavu mmoja

Mtambo wa AM unapopaza sauti hadi kikomo chake, theluthi mbili za nguvu zote humezwa na wimbi-chukuzi, na kila ubavu huambulia sehemu moja tu ya sita. Mhandisi Mmarekani, John Renshaw Carson, alitambua kwamba mchukuzi na ubavu mmoja vingeweza kuondolewa pasipo ujumbe kupotea, akaomba hataza ya wazo hilo mwaka 1915. Kufikia 1927 mbinu hiyo ilikuwa ikitumika katika huduma ya simu kwa njia ya redio baina ya New York na London. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wanaredio wa ridhaa nao waliikumbatia. Kwa mazoea yao, wao hutumia ubavu wa chini katika masafa yaliyo chini ya megahezi 10, na ubavu wa juu katika yaliyozidi hapo.

Kwa kuwa mchukuzi hakusafiri, redio inayopokea haina budi kuunda wimbi la kushika nafasi yake. Hapa ndipo siri yote ilipo.

Namna ya kunasa

Tuchukue mfano wa kilohezi 11735, masafa ambayo wapenzi wa redio duniani kwa miaka mingi waliyazoea kama maskani ya Kiswahili cha Zanzibar. Msikilizaji aiweke redio kwenye ubavu wa juu, kisha aanzie chini kidogo, kwenye 11734. Atasikia mluzi mkali. Huo ni mgongano wa mawimbi mawili: mchukuzi wa stesheni na wimbi linaloundwa ndani ya redio. Tofauti yao ni kilohezi moja, na mluzi nao ni wa hezi 1000. Akiipandisha redio polepole, tofauti hupungua na mluzi hushuka, ukawa mvumo mzito, kisha ukatoweka. Hapo mawimbi mawili yamekaribia kulingana.

Hata hivyo, asifanye haraka kujipongeza. Kichujio cha redio hizi kwa kawaida hukata sauti zilizo chini ya hezi 300 hivi, hivyo mluzi hupotea masikioni kabla ya mawimbi kulingana barabara. Hatua iliyobaki hupimwa kwa sauti ya mtangazaji. Abadilishe kutoka ubavu wa juu hadi wa chini bila kuyagusa masafa. Sauti ikiwa nzito upande mmoja na nyembamba upande wa pili, bado hajafika. Ikiwa sawa pande zote, amefika.

Faida

Mtu aweza kuuliza: kwa nini kujisumbua, ilhali redio ya kawaida hunasa AM bila masharti haya? Zipo sababu mbili. Kwanza, katika masafa mafupi stesheni hupangwa kwa mwachano wa kilohezi 5, na jirani mwenye nguvu huweza kuuvuruga ubavu mmoja wa stesheni dhaifu. Mwenye redio ya SSB huuacha ubavu uliovurugwa, akasikiliza ule uliosalimika. Pili, mawimbi ya mbali hurejeshwa ardhini na tabaka la ionosfea kwa njia zaidi ya moja, na wakati mwingine njia hizo huuana. Mchukuzi anapofifia kwa namna hiyo, sauti katika redio ya kawaida hukwaruza hata maneno yasieleweke. Redio ya SSB haimtegemei mchukuzi wa stesheni. Ina wake, asiyetetereka.

Hasara, na funzo kwa mwanafonetiki

Mbinu hii ina gharama. Kichujio cha SSB aghalabu hupitisha sauti hadi hezi 2700 au karibu na hapo. Irabu zetu tano husalimika, maana vitambulishi vyake vikuu vimo ndani ya mpaka huo. Vikwamizo ndivyo vinavyoumia. Sehemu kubwa ya nguvu ya /s/ iko juu ya hezi 4000, na huachwa nje. Matokeo yake ni kwamba jozi kama sisi na fisi, au samani na thamani, hukurubiana mno, na msikilizaji hulazimika kuamua kwa muktadha. Anayenukuu matamshi kutokana na rekodi ya namna hii hana budi kulizingatia hili, asije akamsingizia msemaji lahaja isiyo yake.

Fauka ya hayo, kosa la masafa huivuruga sauti kwa namna ya pekee. Sauti ya binadamu yenye msingi wa hezi 120 huwa na vizidisho vyake vya 240, 360 na kuendelea. Redio ikikosea kwa hezi 100, sauti hizo huwa 220, 340 na 460, ambazo si vizidisho tena. Mtangazaji husikika kama bata. Muziki ndio hauvumilii kabisa: kosa dogo tu, na taarabu yote huenda kombo.

Hitimisho

Atakayejaribu azingatie kwamba kusikiliza ni jambo moja na kurusha ni jingine. Redio nyingi za ridhaa zina kitufe cha kurushia, na kukibonyeza kwenye masafa ya stesheni ya matangazo ni kosa, hata kwa mwenye leseni.

Ama kuhusu lugha, istilahi tulizohitaji zilikuwa chache: mchukuzi, ubavu, mluzi, kichujio. Zote zilikuwapo sokoni, mwilini, mdomoni na jikoni kabla ya redio kubuniwa. Kazi iliyosalia ni ya wataalamu na wanafunzi kuafikiana juu ya matumizi yake, kwani istilahi isiyokubaliwa na wengi ni sawa na stesheni iliyokosewa masafa: inasema, lakini haieleweki.