Kasi ya Chuma Ikionekana Haieleweki, Anza na Umbali

Mwaka 2010 watafiti wawili wa Uhispania, Juan José González-Badillo na Luis Sánchez-Medina, walichapisha matokeo ya kuwapima wanaume 120 waliosukuma chuma wakiwa wamelala kwenye benchi. Kasi ya chuma kupanda, walionyesha, inatosha kukadiria kwa karibu sana uzito ule ni asilimia ngapi ya uwezo wa juu wa mnyanyuaji. Uzito ambao mtu anaumudu mara moja tu ulipanda kwa wastani wa mita 0.16 kwa sekunde. Waliopimwa tena baada ya wiki 6 za mazoezi walikuwa wameongeza nguvu kwa wastani wa asilimia 9.3, lakini kasi inayoambatana na kila asilimia ilibaki palepale.

Makocha wengi sasa hupanga mazoezi kwa namba hizo, wakitumia vifaa vya waya, vihisi vya kufunga kwenye chuma, au kamera ya simu. Shida ni kwamba kipimo chenyewe hakivumilii uzembe. Katika zoezi la benchi, hatua ya asilimia 5 ya uwezo wa juu ni takriban mita 0.07 hadi 0.09 kwa sekunde. Kifaa kikiteleza kwa kiasi hicho, mwanamichezo mwenye afya ataambiwa amechoka na kupunguziwa kilo bure.

Basi namba ikishangaza, pa kuanzia ni wapi? Kasi ni umbali uliogawanywa kwa muda, na saa iliyo ndani ya kifaa ni nadra kuwa na kosa. Umbali ndio unaopotea. Bahati nzuri, umbali ndio kitu pekee kati ya hivyo ambacho kocha anaweza kukikagua kwa futi ya kupimia, kwa sababu mikono ya mtu hairefuki wala kufupika kati ya Jumatatu na Alhamisi. Programu nyingi huonyesha umbali wa kila rudio kando ya kasi. Kijana ambaye chuma chake hupanda sentimita 40 kila siku, leo kikiandikwa 35 ilhali ameshika na kulala vilevile, kifaa ndicho cha kuchunguzwa kwanza.

Kwa kifaa cha waya, mkosaji wa kawaida ni mahali kilipowekwa. Waya hupima urefu wake wenyewe tu, hivyo ukienda mshazari hupunguza safari ya chuma. Hesabu yake inafaa kujulikana. Kifaa kikiwa sakafuni, sentimita 30 kando ya njia ya chuma, na chuma kikipanda kutoka kimo cha sentimita 100 hadi 140, waya hurefuka kwa karibu sentimita 39 badala ya 40. Hasara ni ndogo. Lakini kwa chuma kinachoinuliwa kutoka sakafuni, kuanzia sentimita 22 hadi 72, kosa lilelile la kuweka kifaa hugeuza sentimita 50 kuwa karibu 41. Ndiyo maana kifaa kinachofanya vizuri kwenye benchi huonekana kimeharibika siku ya kuinua kutoka chini. Vifaa vya GymAware hupima pia pembe ya waya ili kurekebisha jambo hili. Visivyo na uwezo huo vinahitaji alama ya chaki sakafuni, moja kwa moja chini ya chuma.

Vihisi vidogo visivyo na waya vina udhaifu wa aina nyingine. Havioni umbali; hupima mchapuko, kisha programu hukokotoa kasi kutokana nao, na kila kosa dogo hujumlishwa juu ya jingine. Programu nyingi husubiri chuma kitulie ili zianze upya kutoka sifuri. Anayerudia harakaharaka bila kusimama anazinyima nafasi hiyo, na kosa huonekana zaidi kwenye uzito mkubwa, ambako kasi yenyewe ni ndogo. Kutua kidogo kati ya marudio mara nyingi hutibu tatizo zima.

Kwenye simu, baadhi ya programu humtaka mtumiaji aandike mwenyewe umbali wa chuma. Rudio la sentimita 40 lililochukua sekunde 0.8 lina kasi ya mita 0.50 kwa sekunde; akiandika 44, itasomeka 0.55. Video nayo irekodiwe kwa picha 240 kwa sekunde, si 30. Kwa picha 30, kukosea picha moja mwanzoni na moja mwishoni ni kupoteza karibu asilimia 8 ya muda wa rudio hilo.

Marudio hewa, yale yanayohesabiwa chuma kinaporudishwa kwenye vishikio vyake, huondolewa kwa kuongeza kiwango cha chini cha umbali kwenye mipangilio. Kihisi kinachokataa kuunganishwa kwa Bluetooth mara nyingi bado kimeshikwa na simu ya mtu mwingine.

Umbali ukiwa sahihi na kasi bado haieleweki, tazama aina ya wastani. Programu moja huhesabu safari nzima ya kupanda. Nyingine huishia pale mnyanyuaji anapoanza kukizuia chuma. Kwenye uzito mzito zote mbili hulingana, kwenye mwepesi huachana. Aliyehama programu asichanganye kumbukumbu za zamani na mpya. Apimwe upya, kuanzia uzito mwepesi hadi mzito, akisukuma kila rudio kwa nguvu zote.