Roketi Ikishindwa, Wanaanga Watatua Wapi?

Urusi ndiyo nchi kubwa kuliko zote duniani, lakini wanaanga wake hurushwa kutoka ardhi ya jirani. Kila mwaka huilipa Kazakhstan dola milioni 115 za Marekani kwa ajili ya kituo cha Baikonur, kwa mkataba unaofika mwaka 2050. Inacho kituo kipya ndani ya mipaka yake, Vostochny, huko mashariki ya mbali, kilichorusha roketi yake ya kwanza mwaka 2016. Hadi leo hakuna mtu aliyepaa kutoka hapo.

Mahali pa kurushia roketi pakitajwa, wengi wetu Afrika Mashariki tuna jibu moja mdomoni: ikweta. Jibu hilo lina msingi. Dunia hujizungusha kutoka magharibi kwenda mashariki, na kwenye ikweta ardhi yenyewe hukimbia kwa takriban kilomita 1,670 kwa saa. Roketi inayoelekezwa mashariki huondoka ikiwa tayari na mwendo huo, kama utingo anayeruka kutoka kwenye daladala ambayo haijasimama. Huko Florida, wanakorushia Wamarekani, nyuzi 28.5 kaskazini, mwendo huo wa bure hupungua hadi kama kilomita 1,470. Baikonur, karibu nyuzi 46, hubaki kama 1,160. Lakini chombo kinahitaji kama kilomita 28,000 kwa saa ili kibaki kwenye obiti ya chini. Tofauti ya ikweta na Baikonur, basi, haifiki asilimia mbili ya kasi inayotakiwa. Kwa anayerusha setilaiti nzito za mawasiliano, asilimia hiyo ni fedha nyingi, na ndiyo maana Ufaransa ilikwenda kujenga kituo cha Kourou, nyuzi 5 tu kaskazini mwa ikweta. Hata hivyo, Kourou haijawahi kurusha mtu hata mmoja. Wanapokuwamo watu, swali linalotangulia ni jingine kabisa: roketi ikishindwa katika dakika kumi za mwanzo, watatua wapi, na nani atawafikia?

Usiku wa tarehe 26 Septemba 1983, Vladimir Titov na Gennady Strekalov walikuwa wamefungwa mikanda juu ya roketi ya Soyuz pale Baikonur. Ilikuwa imebaki kama dakika moja na nusu waondoke. Mafuta yakavuja, moto ukawaka chini ya roketi na kuunguza nyaya, hivyo wasimamizi wakalazimika kutuma kwa redio amri ya kuwaokoa. Injini za dharura zilizo kwenye ncha ya roketi ziliwaka, zikang'oa chumba cha wanaanga na kukivurumisha juu. Sekunde chache baadaye roketi ililipuka. Wale wawili walishuka kwa parachuti umbali wa kilomita nne hivi, wakiwa hai, huku jukwaa likiendelea kuungua kwa saa nyingi. Walitua kwenye nyika tambarare, na hiyo ndiyo sifa ya kwanza ya Baikonur.

Miaka minane kabla ya hapo hali ilikuwa mbaya zaidi. Tarehe 5 Aprili 1975, roketi ya Vasily Lazarev na Oleg Makarov ilishindwa kutengana vizuri ikiwa imeshapanda zaidi ya kilomita mia moja. Chumba chao kiliangukia milima ya Altai, kwenye mteremko wa theluji, kikaanza kuserereka kuelekea genge. Kilichowazuia ni parachuti iliyonasa. Wakiwa pale kwenye baridi, walihofu kwamba wametua China, wakati ambapo China na Umoja wa Kisovieti zilikuwa na uhasama. Ilibidi walale huko ndipo waokolewe. Linganisha na tarehe 11 Oktoba 2018, Aleksey Ovchinin na Nick Hague walipopatwa na hitilafu dakika mbili tu baada ya kuruka: walitua kwenye nyika kilomita 400 hivi kutoka Baikonur, na waokoaji wakawafikia upesi.

Sasa linganisha na Vostochny. Njia ya roketi kutoka huko hupita juu ya misitu minene na milima, kisha Bahari ya Pasifiki, ilhali chumba cha wanaanga cha Soyuz kimeundwa kitue nchi kavu. Ujenzi wa jukwaa peke yake hauwezi kumaliza tatizo hilo.

Baikonur nayo haikuchaguliwa kwa ajili ya watu. Mwaka 1955 Wasovieti walitafuta mahali pa kujaribia kombora la R-7, na walihitaji uwanda wenye watu wachache, maji ya mto Syr Darya, reli ya kwenda Tashkent, na nafasi ya kuweka mitambo ya redio pande zote mbili za njia ya kombora. Watu walikuja baadaye: Yuri Gagarin, mtu wa kwanza kufika angani, alirushwa kutoka humo tarehe 12 Aprili 1961.

Wamarekani walichagua bahari, na waliichagua baada ya aibu. Mei 1947 roketi ya V-2 iliyorushwa kutoka White Sands, New Mexico, ilipotea njia, ikavuka mpaka na kuanguka karibu na mji wa Ciudad Juárez, Meksiko. Walipotaka kujenga kituo California ili makombora yapite juu ya Ghuba ya California, Meksiko ilikataa. Uingereza, iliyotawala Bahamas wakati huo, iliruhusu mitambo ya kufuatilia makombora iwekwe visiwani, na Cape Canaveral, huko Florida, ikapata nafasi. Ilipofika zamu ya safari za Mwezini, bahari ikafaa tena: sehemu ya kwanza ya roketi ya Saturn V ilikuwa na kipenyo cha mita 10, haipiti kwenye reli wala barabara, ikabidi iletwe kwa tishari kutoka karibu na New Orleans. Florida ina kasoro zake pia. Apollo 12 ilipigwa na radi Novemba 1969, muda mfupi tu baada ya kuruka.

Mahali pa kurushia huamua pia njia. Chombo hakiingii kwa urahisi kwenye obiti yenye mwinamo (pembe kati ya obiti na ikweta) mdogo kuliko latitudo ya kilikotoka, na roketi ikielekezwa mashariki kabisa kutoka Baikonur ingepita juu ya China. Warusi huisogeza kaskazini kidogo, na mwinamo unakuwa nyuzi 51.6. Kituo cha Kimataifa cha Anga kilipoanza kujengwa mwaka 1998, kilifuata mwinamo huohuo. Matokeo yake ni kwamba hata wanaoondoka Florida kwenda kituoni hufuata pwani ya Marekani kuelekea kaskazini mashariki, hadi upande wa Ireland. Kabla chombo cha wanaanga cha Crew Dragon hakijarushwa, wataalamu hupima upepo na mawimbi katika njia hiyo yote ya Atlantiki, kwa sababu popote hapo wanaanga wanaweza kuangukia majini. Jua linaweza kuwaka Florida na safari ikaahirishwa.

Enzi za shatoli ya Marekani (space shuttle), ambayo ilihitaji njia ya ndege ili itue, Afrika iliingia kwenye hesabu hizo. Viwanja vya Banjul, Gambia, na Ben Guerir, Moroko, vilitayarishwa kupokea wanaanga iwapo injini zingezimika juu ya bahari. Havikuhitajika hata siku moja, lakini bila hali nzuri ya hewa kwenye angalau kiwanja kimoja ng'ambo ya Atlantiki, shatoli haikuruka.

Turudi kwetu. Kati ya 1967 na 1988 Waitaliano walirusha roketi ndogo za Scout kutoka majukwaa ya San Marco, baharini mbele ya Ngomeni, karibu na Malindi. Tarehe 12 Desemba 1970 walirusha setilaiti ya kuchunguza miale ya eksirei, ikaitwa Uhuru kwa heshima ya sikukuu ya uhuru wa Kenya. Mahali penyewe pako chini kidogo ya nyuzi 3 kusini, na upande wa mashariki ni Bahari ya Hindi kwa maelfu ya kilomita. Kwa njia ya roketi, ni vigumu kupata pazuri zaidi. Lakini Scout ilikuwa na uzito wa tani 20 hivi, na Soyuz ikijazwa mafuta huzidi tani 300. Uhuru ikianguka baharini hasara ni chombo. Wakianguka watu watatu, lazima mtu awafikie kabla usiku haujaingia.

Kwa hiyo siku serikali zetu zikiletewa pendekezo la kurusha watu kutoka pwani hii, tusiridhike na ramani yenye mstari wa ikweta. Tuulize meli za uokoaji zitakaa bandari gani, helikopta zitafika umbali gani baharini, na wavuvi wa Ngomeni watafidiwa vipi siku ambazo bahari itafungwa.