Mashini yako inachelewa kuwaka? Mbele ya kununua ingine, angalia kwanza diski

Asubuhi unabonyeza kitufe cha kompyuta, unaenda kuweka chai ku moto, unarudi, na kile kiduara bado kinazunguka tu kwenye kioo. Hapa Beni na kule Butembo wengi tunaijua hali hiyo. Mashini nyingi za nyumbani kwetu ni za okazio: zilishafanya kazi miaka mingi kwingine mbele ya kuingia kwetu, mara nyingi kwa njia ya Kasindi. Mtu akichoka anasema: hii imekufa, nitafute ingine. Lakini mara nyingi haijakufa. Kinachoichelewesha ni kipande kimoja tu ndani yake, nacho kinabadilishwa.

Kipande hicho ni diski.

Diski inafanya kazi gani?

Diski ni depo ya kompyuta. Windows yenyewe, picha za familia, TFC ya mwanafunzi, fakture za duka, vyote vinalala pale, na umeme ukikatika vinabaki. RAM yenyewe ni kama meza ya kazi: inashika tu kile unachotumia sasa. Kila mara unapofungua kitu, kinatolewa depo na kuletwa ku meza.

Ndani ya diski ya zamani, ile tunaita diski dure, kuko sahani ngumu zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na mkono mdogo unaokimbia huku na huku kutafuta kitu. Kampuni IBM ilitoa diski ya kwanza ya namna hii mwaka 1956, na njia yake ya kazi haijabadilika sana. Kila safari ya ule mkono inachukua milisekunde 10 na zaidi. Utasema ni kidogo. Lakini Windows ikiwaka inaomba vitu vidogo maelfu na maelfu, na mkono ni mmoja tu. Njo maana unangoja.

Diski ya SSD haina sahani wala mkono. Iko na chipu tu, za jamii moja na zile zilizo katika telefone na flashi yako. Kitu kinapatikana hata kwa sehemu ya kumi ya milisekunde. Na kwa kusoma faili kubwa, diski dure ya laptopu inatoa kama megabaiti 100 kwa sekunde, wakati SSD ya bei ndogo ya aina ya SATA inaweza kufika 500.

Kuko faida ingine inayotuhusu sisi. Diski dure ikianguka au ikitikiswa sana ikiwa inazunguka, mkono unaweza kugusa sahani, na kazi yako imekwenda. Katika barabara zetu, laptopu inapanda pikipiki kila siku. Na familia nyingi za hapa zinajua kuhama ghafla na begi moja mgongoni. SSD inavumilia mitikisiko hiyo vizuri zaidi.

Ununue gani?

Kwanza fundi afungue mashini, muone kile kilicho ndani. Laptopu nyingi za zamani zinachukua SSD ya SATA ya inchi 2.5, inayoingia palepale ilipotoka diski dure. Zingine ziko na nafasi ya M.2, kipande chembamba kama ubao wa kutafuna. Hapo uangalie sana, kwani kuko M.2 za SATA na M.2 za NVMe, na si kila mashini inakubali zote mbili. Na laptopu zingine ndogo diski yake imeunganishwa kabisa ku ubao mkubwa. Hiyo huwezi kuibadilisha.

Kwa matumizi ya nyumbani, gigabaiti 240 au 256 zinatosha wengi. Zile 120 zinajaa haraka. Kama RAM ni gigabaiti 4, jaribu kuifikisha 8 siku hiyohiyo, kama mashini inakubali.

Jihadhari na diski za uongo

Mimi mwenyewe nililipa somo hili. Nilinunua diski ya nje iliyoandikwa terabaiti 2 kwa bei ya kushangaza. Kompyuta ilionyesha 2 kweli. Miezi mitatu baadaye, mahojiano ya kazi yangu hayakufunguka tena, hata moja. Chipu ilikuwa imepangwa kudanganya: nafasi ya kweli ilikuwa ndogo sana, na kila kitu kipya kilikuwa kinafuta cha zamani. Majina ya faili yalionekana, ndani hamna kitu.

Kwa hiyo, bei ikiwa chini sana kuliko maduka mengine, uliza kwa nini. Omba fakture yenye namba ya diski na siku za kurudisha. Halafu jaribu diski ikiwa bado tupu: programu H2testw, ambayo ni ya bure, inaijaza yote na kusoma tena ilichoandika. Inachukua muda, lakini inasema ukweli.

Kazi yenyewe inafanywa vipi?

Hatua ya kwanza, ambayo haurukwi na mtu: nakili faili zako zote mahali pengine, na ufungue chache kuhakikisha zinasomeka. Chagua saa ambapo batri imejaa au umeme uko imara. Halafu kuko njia mbili. Moja ni kunakili diski nzima kwa programu ya bure kama Clonezilla. Kwa kawaida hiyo inataka diski mpya isiwe ndogo kuliko ya zamani. Ingine ni kuweka Windows upya, kisha kurudisha faili.

Wakati wa kufungua, zima kabisa, toa chajeri na batri, kisha vise. Usiuze diski ya zamani wala usiiachie fundi: kufuta faili tu hakuziondoi kweli. Iweke katika kisanduku cha USB, iwe akiba yako.

SSD haifanyi nini?

Haiongezi kasi ya intaneti. Haiponyeshi batri iliyochoka. Na kama uko na Windows 10, Microsoft ilisimamisha msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Diski mpya haibadilishi hilo. Mashini isiyokubali Windows 11 inaweza kutumia Linux Mint au Ubuntu, bila malipo.

Zaidi ya yote, SSD pia inakufa, na mara nyingi bila kutoa sauti ya kuonya kama diski dure. Ikifa, kutoa vitu ndani yake ni vigumu. Kwa hiyo mwanafunzi anayeandika TFC, mwenye duka, katibu wa shirika: kazi yako iwe mahali pawili siku zote, na kimoja kisilale katika begi moja na kompyuta. Diski inanunuliwa tena. Kazi ya miaka mitatu hainunuliwi.