KURA YA WAKAZI NA NGUVU YA WENYE MALI: FUNZO LA DENTON

Hakuna nchi isiyojivunia ushiriki wa wananchi. Hata katika nchi za kibepari neno hilo husikika kila siku. Lakini kipimo chake ni kimoja: uamuzi wa wananchi unapogongana na maslahi ya wenye mali, uamuzi wa nani husimama? Katika makala haya tutalichambua swali hilo kwa mfano wa mji wa Denton, katika jimbo la Texas, Marekani, ambako mwaka 2014 wakazi walipiga kura kukataza uchimbaji wa gesi kwa njia ya kupasua miamba.

GESI CHINI YA NYUMBA

Denton umejengwa juu ya mwamba uitwao Barnett. Gesi asilia imenaswa ndani ya mwamba huo, zaidi ya kilomita moja na nusu chini ya ardhi, wala haitoki yenyewe. Ili kuipata, kampuni huchimba kisima kwenda chini, kisha hukipinda kikaenda ubavuni. Humo husukumwa, kwa nguvu kubwa sana, mamilioni ya lita za maji yaliyochanganywa na mchanga na kemikali. Mwamba hupasuka, mchanga huzuia nyufa zisijifunge, na gesi hupata njia. Njia hii ilifanikishwa kibiashara katika mwamba huo huo.

Kazi hiyo ikifanyika porini, watu wachache huiona. Denton lakini ni mji wa watu zaidi ya laki moja, wenye vyuo vikuu viwili. Kufikia mwaka 2014 ulikuwa na visima zaidi ya 250 ndani ya mipaka yake. Malori, kelele za mitambo na moshi viliwafikia watu majumbani mwao.

Hapa lazima tuelewe jambo la msingi. Kwa sheria ya Texas, umiliki wa kiwanja na umiliki wa madini yaliyo chini yake huweza kutengana. Mwenye madini ana haki ya kuutumia uso wa ardhi kwa kadiri inavyohitajika ili ayafikie. Basi mmoja hulala na kelele, na mwingine, pengine aishiye mbali, hupokea mrabaha. Mgongano huo wa maslahi ndio mzizi wa mapambano yote tutakayoyaeleza.

HATUA ZA MAPAMBANO

Wakazi hawakuanza kwa kudai marufuku. Kwanza walidai visima viwe mbali na makazi, na mwaka 2013 Baraza la Mji liliweka umbali wa futi 1,200, yaani mita zipatazo 366. Makampuni yakajibu kwamba vibali vyao vya zamani havikuguswa na kanuni mpya, na uchimbaji karibu na nyumba ukaendelea.

Ndipo wakazi walipokusanya sahihi. Julai 2014, baada ya kikao kilichoendelea hadi usiku wa manane, Baraza lilikataa ombi lao kwa kura 5 dhidi ya 2. Kwa kanuni za mji, jambo hilo likapelekwa kwa wapiga kura. Upande wa makampuni ulitumia fedha mara nyingi kuliko wakazi. Hata hivyo, tarehe 4 Novemba 2014, karibu asilimia 59 ya waliopiga kura walikubali marufuku. Denton ukawa mji wa kwanza wa Texas kufanya hivyo.

Siku iliyofuata mji ulishtakiwa na umoja wa makampuni ya mafuta na gesi wa Texas pamoja na ofisi ya ardhi ya jimbo. Lakini pigo kubwa halikutoka mahakamani. Tarehe 18 Mei 2015 Gavana Greg Abbott alitia sahihi sheria iliyoweka mamlaka juu ya uchimbaji mikononi mwa jimbo. Miji iliachiwa kanuni za juu ya ardhi tu, kama kelele, taa na magari, tena kwa sharti kwamba zisizuie biashara kupita kiasi. Juni 2015 Baraza la Denton liliifuta marufuku.

KWA NINI WALISHINDWA?

Wako watakaosema kwamba wakazi hawakuwa na umoja wa kutosha. Ushahidi unakataa. Walishinda kila pambano lililokuwa ndani ya uwezo wa mji. Walishindwa kwa sababu madaraka ya mwisho hayakuwa mjini: yalikuwa katika bunge la jimbo, na huko wenye mali walikuwa wamejipanga siku nyingi.

Tulinganishe na mji mdogo wa Dryden, katika jimbo la New York. Mwaka 2011 Dryden ilikataza uchimbaji kwa kutumia mamlaka yake ya kupanga matumizi ya ardhi, na Juni 2014 mahakama ya juu ya jimbo ilikubali kwamba mamlaka hayo ni halali. Desemba 2014 serikali ya jimbo ilitangaza kukataza njia hiyo kote. Wananchi wa huko walikuwa wamejipanga mji kwa mji hadi makao makuu ya jimbo. Tena uchimbaji mkubwa wa aina hiyo haukuwa umeanza. Makampuni hayakuwa na visima vya kutetea, wala mrabaha haukuwa umegawa watu.

FUNZO

Kada anayewaongoza wananchi katika dai lolote hana budi kujiuliza maswali matatu kabla ya kuitisha mkutano wa kwanza. Nani anamiliki? Nani anaumia? Uamuzi wa mwisho unafanyika katika ngazi gani? Asiyejua jibu la swali la tatu atawafikisha watu kwenye mlango usio na ufunguo.

Hata hivyo tusiidharau kura ya Denton. Kabla ya kura ile, iliwezekana kudai kwamba mji unajitawala katika jambo hili. Baada yake ilibidi sheria mpya itungwe ili kuwanyamazisha wakazi, na hivyo kila mtu akaona madaraka yako wapi. Kuonyesha hivyo ni mwanzo wa kazi ya siasa. Kazi yenyewe ni kuwapanga watu mpaka wafike huko yaliko.