Binti Aliyekimbia Ndoa Katikati ya Vita

Mapigano ya Haut-Katanga na Tanganyika, majimbo ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, yalipopamba moto mwaka 2017, maelfu ya Wakongo walivuka kuingia Mkoa wa Luapula, Zambia. Walipokelewa katika kituo cha Kenani, wilayani Nchelenge, na kuanzia 2018 wakahamishiwa makazi ya Mantapala. Walitambuliwa kwa pamoja kuwa wakimbizi: ilitosha kwamba mtu ametoka eneo la vita. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 unamlinda anayekimbia machafuko bila kumdai athibitishe kwamba yeye binafsi alilengwa.

Utaratibu huo umeokoa wengi, nami siupingi. Lakini tuseme katika msafara uliotoka Pweto, upande wa Kongo, yumo binti ambaye hata bunduki zikinyamaza hawezi kurudi, kwa kuwa baba yake mdogo ameshakula mahari ya mwanamume asiyemtaka. Au mama aliyemtoroka mume aliyekuwa akimpiga, na shemeji zake wameapa kumrudisha. Akiandikishwa pamoja na kaya nzima, faili itasema vita tu.

Je, hofu ya namna hiyo inamfanya mtu mkimbizi? Ndiyo, inaweza. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 hautaji jinsia. Unataja rangi, dini, uraia, maoni ya kisiasa na kuwa mmoja wa kundi fulani la kijamii. Wanawake wameingilia mlango huo wa mwisho. Mwaka 1999 Baraza la Malordi la Uingereza liliwakubalia wanawake wawili wa Pakistan, waliofukuzwa na waume zao na kukabiliwa na tuhuma za uzinzi. Mwaka 2002 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) lilitoa mwongozo wa mateso yanayohusu jinsia. Januari 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika shauri la Mkurdi wa Uturuki aliyeozwa kwa nguvu na kuhofia kuuawa na familia yake, ilisema wanawake wa nchi nzima wanaweza kuhesabiwa kuwa kundi la aina hiyo.

Mtesaji si lazima awe askari wa serikali; baba, mume au shangazi anatosha, iwapo dola haiwezi au haitaki kumzuia. Hapo ndipo maafisa wengi huteleza. Wanaona kwamba Kongo iliharamisha ndoa ya kulazimishwa mwaka 2006, wanafunga faili. Swali la kuuliza ni jingine: huyu binti, kijijini kwao, angemkimbilia nani, na huyo angemsikiliza?

Jambo hili lilipata uzito mpya Desemba 2021, safari za hiari za kurudi Pweto zilipoanza. Hiari hiyo ni ya kila mtu mzima, si ya mkuu wa kaya peke yake. Na siku itakapoamuliwa kwamba vita si sababu tena ya kubaki, atakayekuwa na la kujitetea ni yule ambaye sababu yake binafsi imeshaandikwa.

Kwa hiyo mama au dada uliye Mantapala, omba kuhojiwa peke yako, na mkalimani mwanamke asiye jamaa yako. Kama mtesaji unaishi naye humo humo kambini, Sheria ya Zambia ya 2011 dhidi ya Ukatili wa Kijinsia inakuruhusu kuomba mahakamani amri ya ulinzi. Usingoje siku ya kupanda lori ndipo useme.