Utundu Haupimwi kwa Sindano

Mtoto wa miaka 8 yuko kwenye benchi la maabara, pamba mkononi, miguu haitulii. Mama ameshika majibu: kila kitu kiko sawa. Je, hiyo ina maana mtoto hana ADHD, ule ugonjwa wa kukosa umakini na utulivu?

“Kipimo cha damu kinaonyesha ADHD.”
SI KWELI. Hakuna kipimo cha namna hiyo. Daktari hutazama mwenendo: dalili 6 au zaidi za kukosa umakini, au za kutotulia, zilizodumu angalau miezi 6, zilizoanza kabla ya miaka 12, na zinazoonekana zaidi ya mahali pamoja, kama nyumbani na shuleni. Ndiyo maana maelezo ya mwalimu ni ya lazima.

“Madini ya chuma yanahusiana na umakini.”
KWELI. Ubongo huyahitaji kutengeneza dopamini, kemikali inayohusika na umakini. Mwaka 2004 Eric Konofal na wenzake, Ufaransa, walipima ferritini, protini inayotunza akiba ya chuma. Watoto 53 wenye ADHD walikuwa na wastani wa nanogramu 23 kwa mililita. 27 wasio nayo, 44. Lakini huo ni wastani wa kundi. Hata miongoni mwa wasio na ADHD walikuwamo wenye akiba ndogo, kwa hiyo namba peke yake haimtambulishi mtoto.

“Wekundu wa damu ukiwa mzuri, chuma kinatosha.”
SI KWELI. Akiba huisha kwanza, wekundu hushuka baadaye. Tena malaria na maambukizi mengine hupandisha ferritini, hata upungufu ukajificha.

“Nimpe tu dawa ya kuongeza damu, haidhuru.”
SI KWELI, na hapa nawasihi wazazi. Kisiwani Pemba, palipokuwa na malaria nyingi wakati huo, watoto wasiofikia miaka 3 waligawiwa chuma na asidi ya foliki bila kupimwa kwanza. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake: waliolazwa au kufariki walikuwa wengi zaidi miongoni mwa waliopewa kuliko wasiopewa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006. Chuma hupewa mtoto aliyethibitika kupungukiwa, kwa dozi iliyopangwa na daktari.

Mama asiitupe karatasi ile. Imemwambia hali ya damu ya mwanawe. Kuhusu umakini, arudi kwa daktari na madaftari ya shule, yenye kazi zilizoachwa katikati, pamoja na maelezo ya mwalimu.