Mtayarishaji Habari za Fedha: Mtu Asiyeonekana

Tunapotazama habari za uchumi katika televisheni, sifa zetu humwendea yule anayezisoma. Ni wachache miongoni mwetu wanaomkumbuka mtayarishaji, ambaye haonekani kabisa, lakini ndiye aamuaye habari ipi itangazwe, ipi iachwe, na nani aulizwe swali gani. Mfano mmoja kutoka Marekani watosha kutuonyesha uzito wa kazi hiyo.

Mwaka 1970 Bibi Anne Truax Darlington alikuwa mtayarishaji wa vipindi katika televisheni ya umma ya jimbo la Maryland. Siku hizo habari za soko la hisa la New York zilihesabiwa kuwa ni habari za magazeti na za wenye mali, wala haikudhaniwa kwamba mtazamaji wa kawaida angeweza kuketi nusu saa akisikiliza mambo ya hisa. Bibi Darlington ndiye aliyebuni kipindi cha kila juma, kilichoonyeshwa Ijumaa usiku baada ya soko kufungwa, kikaitwa Wall $treet Week. Kiongozi wake alikuwa Louis Rukeyser, mwandishi aliyejua uchumi na aliyejaliwa ucheshi.

Mpango wa kipindi ulikuwa rahisi. Kwanza Rukeyser alieleza mambo ya juma lile kwa lugha nyepesi. Kisha mabingwa wa soko wakajibu maswali yaliyoletwa kwa barua na watazamaji. Mwishowe akahojiwa mgeni. Hapo ndipo tunapoiona busara ya mtayarishaji. Bingwa hakuachiwa azungumze na mabingwa wenziwe tu, bali alilazimika kumjibu mwananchi mwenye akiba yake ndogo.

Mtihani ulikuja mwaka 1987. Jumatatu ya tarehe 19 Oktoba, kipimo cha hisa cha Dow Jones kilianguka pointi 508, yaani asilimia 22.6 kwa siku moja. Ijumaa iliyofuata, watazamaji waliojaa hofu walimkuta Rukeyser mahali pale pale, akiwakumbusha kwamba kilichopotea ni fedha, si uhai. Maneno hayo yalikuwa na nguvu kwa sababu kipindi kilikuwa kimekwisha jenga imani kwa muda wa miaka kumi na saba.

Tangu hapo kazi hiyo imebadilika sana. Kituo cha CNBC kilianza mwaka 1989, na habari za fedha zikawa za kutwa nzima, bei za hisa zikipita chini ya kioo bila kikomo. Rukeyser aliondoka katika kipindi kile mwaka 2002, nacho kikakoma mwaka 2005. Mtayarishaji wa leo hana juma zima la kupima neno; pengine ana dakika moja tu. Tarakimu moja ikikosewa, au uvumi ukitangazwa kabla ya kuthibitishwa, mtu aliye mbali aweza kuuza kwa hofu akiba aliyoikusanya maisha yake yote.

Kwa hiyo kijana anayeitamani kazi hii hana budi kujifunza hesabu kabla ya mitambo, na kuuliza kwa niaba ya yule asiyejua. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi twaongeza kwamba habari isiyopimwa nayo hupoteza mali.